Meza Isiyotaka Kitabu

Nimechoka na meza. Si zote. Naisema ile moja, mnaijua, maana nusu yenu mmeipiga picha wiki hii. Ya duara, juu nyeupe yenye mishipa ya kijivu kama marumaru, miguu ya chuma iliyopuliziwa rangi ya dhahabu. Juu yake kuna kikombe ambacho hakijanywewa, mshumaa ambao haujawahi kuwashwa, ua kavu ndani ya chupa, na kitabu kimefungwa. Chini ya picha mnaandika "Jumapili yangu", basi. Halafu wapenzi wenzenu wa vitabu wanafika na kuuliza swali moja, na hilo swali ndilo lililonikalisha chini kuandika: "Meza umenunua wapi, mpenzi?"

Hakuna aliyeuliza kitabu kinahusu nini.

Sasa kabla hamjaniambia kwamba nchi hii ina mambo makubwa zaidi ya kukasirikia, nakubali, yapo, na kazi yangu ya kila siku ni kuyaandika. Lakini ukiingia nyumba ya mtu, hebu angalia meza ya sebuleni: ina kimo gani, nani anaruhusiwa kuigusa, na chai ikimwagika juu yake nani anafokewa. Utajua mengi kuliko utakayoambiwa. Hoja yangu ni kwamba hii meza ya kisasa, hii ya "mbunifu", imeingia kwenye nyumba zetu na kuzifukuza kazi zote zilizokuwa zikifanyika mezani, kusoma kukiwemo; na sisi tunaojiita watu wa vitabu ndio tumekuwa madalali wake. Neno meza tulilipata kwa Wareno. Kitenzi kumeza ni chetu wenyewe. Naona siku hizi vimekutana.

Mwezi uliopita nilishinda siku mbili Keko, kule Temeke, nikifuatilia habari nyingine kabisa, ya bei ya mbao. Anayeijua Keko anajua: vumbi, harufu ya vanishi, makochi ambayo hayajavishwa kitambaa yamepangwa kando ya barabara kama mifupa. Fundi mmoja mtu mzima, wa miaka mingi kwenye randa, alinipa simu yake nitazame. Picha zaidi ya mia, zote zimetumwa na wateja, zote meza. Mteja wa siku hizi, alinieleza, haji tena kusema nina watoto watatu na chumba changu ni futi kumi kwa kumi na mbili. Anakuja na picha, anasema kama hii. Ukimuuliza itafanya kazi gani, anakushangaa. Ukimtajia mninga au mkongo, anakwambia anataka nyeupe. Basi fundi ananunua ubao wa MDF, ambao ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, anabandika juu yake stika yenye picha ya marumaru, anakwenda kwa jirani mchomeleaji kupata miguu, anapuliza dhahabu. Kazi imeisha. Yeye mwenyewe kwake haiweki. Maji yakipenya pembeni ubao ule unavimba kama mkate ndani ya chai, na ukishavimba ndiyo basi.

Mtu anayejua mti kwa harufu yake analipwa ili abandike stika. Na mwenye uwezo zaidi hafiki hata Keko. Anaagiza ya kontena, au anaingia duka lenye kiyoyozi, ambako nimeikuta moja inauzwa laki tisa na nusu, maelezo yake yote kwa Kiingereza, kana kwamba meza yenyewe haisikii Kiswahili.

Lakini neno linaloniudhi zaidi ni hilo la "mbunifu". Meza hizi tunauziwa kwa heshima ya majina ya watu. Watu hao walikuwepo kweli, na laiti tungezisoma fikra zao kwa bidii ile ile tunayonakili nayo maumbo yao, makala haya yasingekuwa na kazi.

Chukua ile stuli ya bomba la chuma linalong'aa, kioo cha duara juu, duara lililokatwa chini, na nguzo iko upande mmoja tu. Nyumba nyingi za kupangisha kwa usiku mmoja mmoja huko Masaki zinayo, karibu na kochi, na chupa ya ua. Ilibuniwa na Eileen Gray, mwanamke wa Ireland aliyeishi Ufaransa, kwa ajili ya nyumba aliyoijenga pwani ya kusini kati ya 1926 na 1929. Nyumba aliipa jina E-1027, na jina hilo ni fumbo la mapenzi: E ni Eileen, 10 ni herufi ya kumi, yaani J ya Jean, 2 ni B ya Badovici, 7 ni G ya Gray. Jina la bwana limekaa katikati ya herufi za bibi kama mtu aliyekumbatiwa. Watu wa mashairi mtanisamehe kwa kuchepuka, lakini hiyo ni nyumba iliyoandikwa.

Sasa ile nguzo ya upande mmoja. Inasimuliwa kwamba dada yake Gray alipenda kupata kifungua kinywa kitandani, na shuka zilikuwa zinajaa makombo. Ndipo duara la chini likakatwa na nguzo ikasogezwa pembeni, ili mguu uingie chini ya kitanda na kioo kije juu ya mapaja ya aliyelala. Kimo kinapanda na kushuka kwa kipini. Yaani moja ya meza maarufu kuliko zote duniani chanzo chake ni makombo ya mkate! Mwenye shida ana kipimo, kipimo kinazaa umbo. Fundi wa Keko angelielewa hilo bila kuchorewa. Ila ile niliyoikuta mimi kwenye nyumba moja ya kupangisha, kipini cha kupandishia kilikuwa pambo. Kimechomelewa. Meza iliyobuniwa ili isogee, imegandishwa ili ipigwe picha.

Isamu Noguchi kisa chake ni kirefu kidogo, vumilieni, kina utamu. Huyu alikuwa mchongaji wa Kimarekani, baba yake Mjapani, Yone Noguchi, mshairi. Mwaka 1939 alimtengenezea meza rais wa jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. Baadaye mbunifu mwingine, T. H. Robsjohn-Gibbings, akamwomba amchoree meza ya kahawa. Noguchi akatengeneza kielelezo kidogo, akampa, kimya. Vita ikaja, Wamarekani wenye asili ya Japani wakakusanywa makambini. Noguchi aliishi New York na hakulazimika kwenda, lakini mwaka 1942 aliingia kwa hiari yake kambi ya Poston, jangwani Arizona, akidhani angeweza kuifanya iwe mahali pa kuishi watu. Akiwa humo, akaona tangazo: meza yake, imegeuzwa kidogo, inauzwa na yule bwana. Alipotoka akamwendea kulalamika. Akajibiwa kwamba meza ya miguu mitatu kila mtu anaweza kuitengeneza.

Kwa kisasi, na kisasi ndilo neno alilolitumia mwenyewe alipoandika habari za maisha yake, Noguchi akatengeneza yake upya. Vipande viwili vya mbao vinavyofanana kabisa, kimoja kimegeuzwa juu chini, vinashikana bila kelele, na juu yake kioo kizito chenye pembe tatu za mviringo. Vipande vitatu tu. Kampuni ya Herman Miller ikaanza kuiuza mwaka 1947, na mpaka leo iko sokoni. Na hapa ndipo panapochekesha, kama huzuni inachekesha: meza iliyozaliwa kwa hasira dhidi ya kunakiliwa imenakiliwa kila kona ya dunia, mpaka Kariakoo. Nimeziona. Vile vipande viwili havishikani tena, vimepigiliwa skrubu nne zinazoonekana kupitia kioo. Wazo lote la meza ile ni kwamba uzito wa kioo na mkao wa mbao vinashikiliana. Ukiweka skrubu umetoa kitenzi kwenye sentensi.

Kwa hiyo msiniambie napinga usasa. Napinga unakili wa mtu asiyesoma anachonakili. Huo kwenye maandishi tunauita kwa jina lake na tunapigana. Kwenye fenicha tunauita ladha.

Jina la kitu nalo lina vituko vyake. Meza ya kahawa! Pwani hii imekunywa kahawa kwa karne nyingi bila kuhitaji meza yoyote. Muuza kahawa anapita na birika lake juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono vinagongana kwenye ndoo, unakunywa umeketi barazani au kwenye benchi la kijiweni, kikombe kinarudi, mwingine anapewa. Kule Kagera mgeni anakaribishwa kwa buni za kutafuna, meza yake ni kiganja. Kahawa yetu iliyo nyingi tunawauzia wengine, halafu tunanunua meza ya kuinywea, halafu juu ya meza hiyo tunakunywa soda. Tena kwa kisahani, ili isiache alama.

Mtu wa Pwani atanikatiza hapa: wewe, maonyesho ndani ya nyumba hayakuletwa na Wazungu. Kweli kabisa. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zina kuta zenye zidaka, visanduku vingi vya chokaa vilivyochongwa kwa ufundi, na humo kulipangwa bakuli za kauri kutoka Uchina, ili mgeni aone na asisahau. Waswahili walijua kujionyesha kabla ya wengi. Lakini angalieni pale walipoweka fahari yao: ukutani, juu, nje ya njia ya watu. Sakafu ilibaki ya mkeka na sinia, yaani ya kukaa, kula, kuzungumza. Kila kimoja kilijua mahali pake. Sisi tumelitoa kabati la fahari ukutani tukalisimamisha katikati ya chumba, hapo hapo magoti yanapotakiwa kukaa.

Na Pwani hiyo hiyo ilishabuni samani ya kisomo ambayo mpaka leo sijaona ya kuipita. Wengi mmeiona hata kama jina limewatoka: marufaa. Vibao viwili vinavyopishana kama herufi X, vinavyobeba msahafu. Yale ya kizamani huchongwa kwenye ubao mmoja: fundi anaupasua kwa unene wake, katikati anaacha meno ya mbao yanayoshikana kama bawaba, na ubao unafunguka bila msumari hata mmoja. Ukimaliza unakunja, unaweka pembeni. Mtu asiye na kochi, asiye na kiti, aliyekaa chini kwenye jamvi, kitabu kinamfuata kwenye macho yake. Weka juu ya marufaa kitabu kilichofungwa uone: kinayumba, hakina raha. Kifungue, kinatulia. Mimi nikisikia neno ubunifu ndicho kitu kinachonijia kichwani, na sijaona hata mmoja wetu akikipiga picha Jumapili.

Ni fasihi yetu pia inajua meza ni nini. Abdulrazak Gurnah, kabla ya Nobeli ya 2021, kabla wengi wetu hatujajifunza kulitamka jina lake kwa fahari, aliandika By the Sea, mwaka 2001. Mhusika wake Saleh Omar ni muuza fenicha wa Zanzibar ambaye uzeeni anaishia Uingereza kuomba hifadhi. Dukani kwake ilikuwepo meza ndogo ya mpingo. Mfanyabiashara mgeni, Hussein, anaipenda, anainunua, anampa zawadi kijana mrembo, Hassan. Miaka inapita, kwa karatasi za deni nyumba ya familia ya Hassan inaishia mikononi mwa Saleh Omar pamoja na vilivyomo, na mdogo wake Hassan, Latif, anatumwa kwenda kuomba angalau ile meza irudishwe. Hairudishwi. Miongo baadaye, nchi nyingine, baridi nyingine, wazee wawili bado wana ile meza kati yao.

Hebu fikirini imebeba nini ile meza. Tamaa, aibu, deni, mama anayemtuma mtoto kuomba. Haikuwa na haja ya mshumaa. Nikisoma zile kurasa huwa najiuliza mwandishi wa mwaka 2060 atafanya nini na meza zetu za stika. Zitakuwa zimeshavimba na kutupwa. Hakuna ugomvi wa urithi utakaotokea juu ya MDF, na riwaya bila ugomvi wa urithi, mnajua wenyewe.

Kuhusu kitabu chenyewe kugeuzwa pambo, sitajifanya kwamba ni dhambi mpya. Montaigne alishanung'unika katika toleo la 1588 la insha zake kwamba mabibi wanazifanya samani ya ukumbini. Duka la Strand la New York linauza vitabu kwa futi, unachagua rangi. Hata kile kitabu kikubwa cha picha, kinachoitwa kwa jina la meza, kilianza na nia. Mwaka 1960 David Brower na chama cha Sierra Club cha Marekani walianza kuchapa vitabu vipana vya picha za nyika na milima. Brower alitaka ukurasa uwe mkubwa kiasi kwamba jicho litembee ndani yake, lisiumalize kwa mkupuo. Vitabu vile vilipigana. Mabwawa yalipotaka kujengwa kwenye bonde la Grand Canyon, kitabu kilikuwa moja ya silaha. Kilikaa mezani, sawa, lakini kilikaa kama bomu.

Vya kwetu vinakaaje? Nisimulie moja tu.

Nilikwenda nyumbani kwa watu, nje kidogo ya mji, kumhoji mzazi kuhusu ada za shule. Watu wakarimu, wasomi, sina neno nao. Katikati ya sebule meza ya kioo cheusi, ya bei, imebeba vitabu vitatu vinene vyenye majina ya nyumba za mitindo za Paris. Mtoto wao wa darasa la sita alikuwa amelala kifudifudi kwenye vigae, daftari mbele yake, viwiko chini, anafanya hesabu za sehemu. Shingo imekunjwa kama ndoano. Kila baada ya dakika mbili anajigeuza. Nikamuuliza mbona hukai mezani, akamtazama mama yake kwanza, halafu akasema ile ni ya wageni, ina alama za vidole. Mzazi akacheka kwa upendo tu, ya kawaida. Wakati namsubiri achukue risiti za shule chumbani nikanyoosha mkono kuchukua kimoja cha vile vitabu.

Kilikuwa chepesi mno. Lilikuwa boksi. Boksi tupu la karatasi ngumu, lina jalada, lina mgongo, pembeni limechorwa mistari ili zionekane kurasa. Ndani hamna kitu. Vyote vitatu hivyo hivyo.

Nimeripoti mafuriko, nimeripoti ajali, na sijui kwa nini ni lile boksi lililokataa kuniondoka. Ninajua bei ya boksi la aina ile, nimeiuliza baadaye: pesa hiyo inanunua riwaya mbili za Kiswahili na chenji ya daladala inabaki. Mtoto yuko sakafuni. Meza ipo. Kilicho juu ya meza ni picha ya kitabu, na meza yenyewe ni picha ya meza.

Hilo ndilo ninalogombania, si ladha. Wengi wetu tunaosoma hapa hatukukulia kwenye nyumba zenye chumba cha kujisomea. Kulikuwa na meza moja. Kwetu Morogoro ilikuwa ya mninga, mguu mmoja mfupi, umewekewa karatasi iliyokunjwa, na juu ilikuwa na doa jeusi lenye umbo la pasi ya mkaa. Juu yake tulikula, mama alikatia nguo, baba alisikilizia taarifa ya habari, na ikifika saa mbili usiku vitu vyote viliondolewa, taa ya chemli ikawekwa katikati, tukasoma wanne, kila mmoja upande wake, tukigombea mwanga. Sisemi umaskini ni mtamu. Taa ya chemli inaumiza macho na sitaki irudi. Nasema meza ile ilikuwa na ratiba, na kwenye ratiba yake kitabu kilikuwa na saa yake.

Ndiyo, mama zetu nao walikuwa na maonyesho yao. Vile vitambaa vya kufuma kwa mkono, vyeupe, kwenye kila stuli na kila mgongo wa kochi, na kabati la vioo lenye vikombe vya wageni ambao hawakuja. Lakini kitambaa kilikuwa kinainuliwa. Kinakunjwa, kazi inafanyika, kinarudi, wala hakuna aliyekufa. Stika ya marumaru haiinuliwi. Kioo cheusi hakina saa ya mapumziko.

Najua majibu yenu, nimeshayasikia. La kwanza ni wivu: hana laki tisa, ndiyo maana anapiga kelele. Laki tisa sina, ni kweli, na ningekuwa nazo ningejua pa kuzipeleka. La pili, kwamba mtu anayerudi saa tatu usiku kutoka kwenye foleni ya Mbagala ana haki ya kitu kizuri cha kukitazama. Hili nalikubali kwa moyo wote, na ndiyo maana nataka kiwe kizuri kweli. Mkongo uliopigwa randa na mtu anayejua unapendeza zaidi mwaka wa kumi kuliko wa kwanza. La tatu ndilo la wajanja: siku hizi tunasoma kitandani, kwenye simu, meza ya nini. Sawa. Basi nunueni ile ya Eileen Gray, maana ni ya kitanda, ila hakikisheni kipini kinazunguka.

Na asiyeweza kununua chochote, yupo aliyemfikiria. Mwaka 1974 Mwitalia Enzo Mari alitoa michoro ya meza, viti na vitanda ambavyo mtu yeyote mwenye mbao za kawaida, nyundo na misumari angeweza kujitengenezea. Kitabu aliwatumia watu kwa gharama ya posta tu. Hakuwa anataka watu wapate meza za bei nafuu. Alitaka wakishapigilia msumari wa kwanza waanze kuzitazama kwa jicho kali meza wanazouziwa. Mbunifu huyo mbona hatumnakili?

Tufike kwenye vipimo, maana lawama bila kipimo ni umbea. Meza nyingi za kahawa zina kimo cha sentimita 40 hadi 45. Kimo hicho ni cha kuegeshea miguu. Mtu mzima akitaka kuandika juu yake anakunjika, na mtoto hana pa kuingiza magoti. Meza ya kuandikia ni kama 75, na ukiiweka katikati ya sebule ndogo inaziba televisheni, nyumba nzima itakuchukia. Mwambieni fundi 60, au stuli mbili za kimo hicho zinazoingiliana. Chini pawe wazi, magoti yapite. Ukingo uwe umezungushwa ili mkono usikatwe. Droo moja ya kina kifupi, ya kalamu na daftari. Mbao yenyewe, si picha yake, na juu mafuta badala ya vanishi ya kung'aa, ili alama ya kikombe ikitokea upige msasa kidogo upake tena. Mkazo zaidi kwenye maungio: tenoni na motisi, skrubu asizipende sana.

Halafu pigeni picha, sikatazi. Ila kitabu kiwe wazi, ukurasa usomeke, na muandike ni ukurasa wa ngapi, ili tukija hapo chini tuwe na cha kubishania.